Uliza Fundi: Msasa gani kwa kazi gani?

Mwezi huu nimejaziwa maswali ya msasa na nimefurahi sana, juu hiki ndicho kitu watu hununua bila kufikiria. Unaingia kwa hadiwea unasema nipee sandipepa, jamaa anakuuliza ya namba gani, unamwambia yoyote tu. Vanishi utaiulizia bei maduka matatu lakini msasa unabeba wowote, na kazi nyingi ninazoletewa nirekebishe zilikuwa zimeshaharibika hapo kwa msasa, kabla mkebe wa vanishi haujafunguliwa. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nitaikalia sana.

Swali: Habari fundi. Niko na meza ya mahogani ya kulia chakula, mama yetu alituachia. Niliamua kutoa vanishi ya zamani mwenyewe nipake mpya. Kwa duka nilipewa msasa namba 60 na namba 400, nikaambiwa moja ni ya kutoa, ingine ni ya kulainisha. Nilisugua kwa mkono siku mbili nzima, ukiishika ilikuwa laini kabisa. Nikapaka steini, ile rangi ya kuingia ndani ya mbao, nikapiga vanishi mara mbili, jioni ilikuwa imekaa poa sana. Asubuhi jua likaingia dirishani nikaona mistari mistari kote, mingine imekata meza kwa upana. Nilikosea wapi, na hii meza itaokoka? – Dada wa Umoja

Jibu: Dada pole sana, kwanza meza itaokoka, usimwuzie mtu. Na siku mbili za kusugua kwa mkono zinaonyesha uvivu hauna, ulipewa tu ushauri mbaya pale kaunta.

Sikiza venye ilienda. Msasa wa 60 uko na punje kubwa, kila ukivuta mkono unachimba mifereji midogo kwa mbao. Huo ni sawa, ndio kazi yake, ndio unatoa vanishi haraka. Lakini punje ya 60 ni kubwa karibu mara nane ya punje ya 400, sasa ukitoka 60 ukaruka moja kwa moja hadi 400, ile 400 inasugua migongo ya juu peke yake, chini kwa mfereji haifiki hata ukisugua wiki. Na kiganja kinapapasa hiyo migongo tu, ndio maana kilikuambia meza ni laini. Alafu ukaleta steini, nayo ni maji maji, ikashuka ikakaa kwa mifereji, ikakolea pale kuliko kwingine kote, na vanishi ikaja juu ikang'arisha kila alama. Jua la asubuhi linaingia likiwa limelala chini, likapiga kila mfereji kwa ubavu. Kwa hivyo jua halikuharibu kitu, lilikuonyesha tu kilichokuwepo.

Kitu naomba ushike ni hiki, kila msasa uko na kazi moja, kufuta alama za ule uliotangulia. 80 inatoa na kusawazisha. 120 inafuta alama za 80. 180 inafuta alama za 120. Ukiruka mmoja, alama za ule wa nyuma zinabaki pale na hakuna mwenye atazifuta tena.

Sasa hiyo meza. Nunua namba 80, 120, 180, na moja au mbili za 320 za baadaye. 60 weka kando kabisa, vanishi yako ni mpya na mbao iko chini yake tayari, 80 itafika. Karatasi nzima huwa ni milimita 230 kwa 280, irarue vipande vinne. Usikate na makasi ya nyumba, utayaua, weka karatasi kwa ukingo wa msumeno wa chuma au rula ya chuma alafu uvute, inakatika vizuri. Kipande kimoja kizungushe kwa kibao kinachoenea mkononi, na chini ya hicho kibao ubandike kipande cha patapata iliyoisha. Hiyo raba ndio siri, mbao tupu ni ngumu sana, inafanya punje zikwaruze mahali pamoja, na vidole vitupu ndio vibaya zaidi juu vidole vinazama penye mbao ni laini na mwishowe juu ya meza panakuwa na mawimbi. Huwezi kuyaona ikiwa kavu. Utayaona ikishang'aa.

Ukianza na 80 unaweza kwenda kwa mshazari kidogo kama kuna vanishi imeng'ang'ana, lakini malizia ukifuata nyuzi za mbao, na kuanzia 120 kwenda mbele ni kufuata nyuzi tu, kwenda na kurudi, hakuna kuzungusha mkono kama mtu anapangusa sahani. Ile mistari yako imekata kwa upana ilitoka hapo, ulikuwa unasugua kwa kuvuka nyuzi, pengine ukiwa umechoka ukasimama upande wa karibu. Zunguka meza, songa wewe.

Utajuaje 80 imemaliza kazi? Chukua penseli, chora mistari myepesi ya kupindapinda meza nzima, alafu usugue. Penye penseli imebaki hujafika. Ikishatoka yote, zima taa, washa tochi ya simu, ilaze chini kabisa karibu iguse meza, uangalie mwanga ukipita juu ya mbao. Kama unaona alama moja kubwa kuliko zingine hiyo ni ya 60, rudi na 80 pale. Ukitoka kwa namba moja kwenda ingine pangusa vumbi lote, brashi kwanza alafu kitambaa, kwa sababu punje moja ya 80 ikibaki chini ya 180 inachora mstari mmoja mrefu ambao utakutesa jioni yote ukiutafuta ulitoka wapi.

Ukimaliza 180, lowesha kitambaa ukikamue sana, pitisha meza nzima. Ikikauka utaskia imekuwa na kamanyoya, nyuzi zimesimama. Chukua ile 180 ambayo imeshatumika, pitisha mara mbili tatu kwa wepesi bila kukandamiza. Usipofanya hivyo maji ya steini ndio yatazisimamisha na utasugua rangi ikitoka.

Na usimame hapo, 180. Najua unataka kwenda 400, mbao ya mama inastahili, lakini mbao ikilainishwa sana kabla ya steini inafunga matundu yake na rangi haiingii, inakaa juu tu na kufifia. Mahali pekee ningeenda 220 ni zile ncha za meza penye mbao imekatwa ukaona matundu ya nyuzi, pale panakunywa rangi kama sponji na kuwa peusi, ukilainisha zaidi panakunywa kidogo. Vanishi ya kwanza ikishakauka usiku mzima ndio unatoa ile 320, unaipitisha kwa mkono mwepesi sana hadi mng'ao uondoke na meza ikae kama imepigwa na ukungu, unapangusa, unapiga ya pili. Ya mwisho usiiguse.

Kitu ingine, tupa karatasi ikichoka. Msasa mpya unalia, kwaru kwaru, unauskia ukikata. Ukichoka sauti inashuka inakuwa kama mtu anapangusa nguo, na mkono unaanza kukandamiza bila wewe kujua. Hapo hukati tena, unapiga mbao pasi. Watu wanajaribu kuokoa shilingi kidogo za karatasi wanapoteza mchana mzima na bega linauma.

Mzee aliyenifunza hii kazi, karakana yetu ilikuwa kando ya Ngong Road, alikuwa anavaa soksi nyembamba ya kina mama mkononi kama glavu alafu anapitisha polepole juu ya kila kitu nimesema nimemaliza. Ikinasa mahali popote, hata kauzi kamoja, haongei, anainua tu kipande cha 120 ananiwekea mbele yangu. Nilichukia hiyo soksi mwaka mzima. Mpaka leo iko moja kwa droo yangu.

Swali: Fundi mimi ni kijana naanza kazi, niko Kayole. Kwa duka kuna msasa mwekundu, wa kahawia, mweusi na kuna ingine iko na rangi kama chaki. Tofauti ni gani? Na hii herufi P mbele ya namba ni ya nini, zingine ziko nayo zingine hazina.

Jibu: Kijana wangu, swali zuri, na umenipendeza juu umegeuza karatasi ukasoma nyuma. Wengi hawageuzi.

Neno lenyewe msasa ni la mti. Msasa wa kienyeji uko na majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na wazee waliyatumia kusugulia mbao na vyombo kabla karatasi haijaingia madukani. Hiyo karatasi ya leo haina mchanga hata kama tunaiita sandipepa.

Mwekundu wa kuelekea chungwa mara nyingi ni ganeti, jiwe la asili. Si gumu sana, linachakaa mapema, lakini linaacha uso mzuri sana kwa mbao tupu na wazee wa fanicha walilipenda kwa kumalizia. Siku hizi si kila duka linalo. Wa kahawia ni alumini oksaidi, hiyo inatengenezwa kwa tanuri, ni ngumu, punje zake zinavunjika kidogo kidogo na kutoa makali mapya, na kama mfuko wako unatosha aina moja tu ya kufanyia mbao, chukua hiyo. Mweusi ni silikoni kabaidi, ngumu kuliko zote hizo na kali kama vigae vya glasi, na mara nyingi karatasi yake haiogopi maji, ndio ile mafundi wa magari wanaita wota pepa. Kampuni ya 3M ilianza kuuza aina hiyo kule Marekani mwaka wa 1921 na ikashikwa haraka na wapaka rangi wa magari, juu ukisugua na maji vumbi halipandi. Kwako wewe fundi wa mbao tumia mweusi kati ya vanishi na vanishi, au kwa chuma. Kwa mbao tupu ya rangi nyeupe nyeupe uuepuke, vipunje vyake vyeusi vinaingia kwa matundu na kutoka hapo ni shida.

Ile ya chaki imepakwa unga fulani wa jamii ya sabuni juu ya punje ili vumbi lisigande. Nitarudi kwa hiyo hapa chini. Lakini rangi peke yake isikuongoze, kiwanda kinaweza kupaka rangi yoyote kinayotaka, soma maandishi.

Sasa P. Kuna vipimo viwili, cha Ulaya ndicho kiko na P, cha Marekani hakina. Mpaka kama 220 havitofautiani sana, P120 na 120 utafanya nazo kazi ile ile. Ukipanda juu ndio zinaachana kabisa: 320 ya Marekani inakaribiana na P400, 400 yao ni kama P800, na 600 yao ni kama P1200. Kwa hivyo mwenzako akikwambia malizia na 400 alafu wewe unabeba yenye haina P na yeye alimaanisha P400, unaenda na karatasi laini mno, unasugua vanishi haishiki na unaanza kulaumu vanishi.

Nyuma pia kuna herufi ya uzito wa karatasi. A ni nyepesi, inapinda vizuri kwa miguu ya viti na nakshi. C na D ni nzito kiasi, za kuzungushia kibao. E na F ni za mashine, kwa mkono zinavunjika tu kwa mikunjo. Na karatasi yoyote ikiwa ngumu, ivute mgongo wake kwa ukingo wa benchi huku na huku kabla hujaanza, italainika na haitapasuka.

Swali: Natengeneza kitanda cha saipresi, mbao nimenunua Gikomba. Kila karatasi ninayoshika inajaa baada ya dakika mbili inakuwa laini kama plastiki. Nimemaliza karatasi nane kwa ubao mmoja. Nauziwa feki? – Baba wa Githurai

Jibu: Ndugu yangu, inaweza kuwa karatasi lakini mimi nashuku mbao kwanza. Saipresi nyingi tunayouziwa bado ni mbichi, na mbao mbichi haitoi unga, inatoa uji, nao unaganda kwa punje. Angalia vumbi lako kwa vidole. Likimwagika kama unga wa ngano ni sawa, likijikunja kama ufagio uliolowa basi mbao haijakauka na hakuna msasa wa kukuokoa. Ipange ndani penye kuna kivuli na upepo, weka vijiti kati ya ubao na ubao, uipe wiki kadhaa. Hata kitanda chenyewe kitakushukuru, ukikiunga na mbao mbichi viungo vitafunguka baadaye.

Kama ni kavu na bado inajaa, basi ni utomvu na vifundo. Anza na 80 badala ya 120, na uulize msasa wenye punje zilizotawanyika. Huo punje hazifuniki karatasi yote, zinafunika kama nusu hadi asilimia 70, na vumbi linapata njia ya kutoka. Au ile ya chaki niliyosema. Gonga karatasi nyuma kwa ukingo wa benchi kila baada ya muda, na brashi ngumu ya viatu inasaidia sana kuisafisha. Usikandamize. Joto la kukandamiza ndilo linayeyusha utomvu.

Swali: Geti langu Rongai limeanza kutu chini, ni msasa gani na ni mpaka namba ngapi?

Jibu: Brashi ya waya kwanza itoe kutu yenye inabanduka, alafu msasa wa kitambaa, ule wa roli unaokatwa kwa mita, namba 60 au 80, malizia na 120 na uishie hapo. Usilainishe zaidi, rangi ya kuzuia kutu inataka mahali pa kushika. Pangusa na tina na upake hiyo rangi siku hiyo hiyo, chuma kikilala uchi usiku mmoja kwa umande wa Rongai asubuhi kimeanza tena.

Swali: Fundi, naishi nyumba ya zamani sana huku Eastlands. Milango na madirisha yamepakwa rangi ya mafuta mara nyingi juu ya nyingine na sasa inabanduka maganda. Nilianza kuisugua na msasa namba 60, vumbi likajaa nyumba nzima. Niko na mtoto wa miaka miwili. Nimalizie na namba gani? – Mama wa Jericho

Jibu: Mama, kabla ya namba, simama kwanza. Tafadhali usisugue tena ikiwa kavu.

Rangi za mafuta za zamani nyingi zilichanganywa na madini ya risasi, na nyumba yenye rangi juu ya rangi huwezi kujua ya chini kabisa ilikuwa gani. Ukiisugua kavu unaifanya unga, unga unatua kwa sakafu, kwa godoro, kwa vidole vya mtoto, na mtoto wa miaka miwili vidole viko mdomoni siku nzima. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Sisemi nikutishe, nasema juu hii inazuilika na ndoo moja ya maji.

Lile vumbi ambalo limeshatua usilifagie, ufagio unalirusha tena hewani. Lipanguse na kitambaa chenye maji na sabuni, sakafu, dirisha, meza, uoshe kitambaa na urudie mara mbili tatu. Osha vyombo vya kuchezea vya mtoto na mikono yake kabla ya kila chakula. Na ukienda kliniki mwambie daktari ulichofanya, kuna kipimo cha damu cha risasi, uliza kama kinapatikana pale.

Kazi yenyewe, mtoto alale kwa jirani au kwa shosho siku hizo. Tandaza karatasi ya plastiki chini. Chukua ule msasa mweusi wa maji, P120 inatosha, uuloweshe kwa ndoo yenye tone la sabuni kama dakika 10, na usugue penye pamebanduka tu, ukilainisha kingo za maganda zisiachane kama ngazi na rangi iliyobaki. Rangi iliyoshika vizuri usiitoe, ikwaruze kidogo tu hivyo hivyo kwa maji ili mpya ishike, alafu uifunike. Usilete grinda na usichome rangi na moto, hata fundi akikwambia ni haraka. Vaa barakoa ile ngumu ya vumbi, N95, kitambaa cha kawaida hakishiki vumbi dogo hivyo. Nguo ulizofanyia kazi zifue peke yake. Maji ya ndoo usimwage uani penye watoto wanachezea. Maganda yote, plastiki, na kila kipande cha msasa ulichotumia funga ndani ya mfuko mmoja siku hiyo hiyo na utupe, usiweke hata kimoja kwa droo ati utakitumia tena kwa kiti cha mtoto.